Mkulima asiyeonja kahawa yake atapangiwa bei daima

WAPENZI wa mvinyo wa Ufaransa wana desturi moja ambayo kwa mkulima wa Rwamishenye, mjini Bukoba, inaweza kuonekana kama kichekesho. Hukutana kwa chakula cha jioni, kila mmoja akiwekewa glasi tano au sita, na ndani ya kila glasi kuna mvinyo mwekundu wa Bordeaux uliokaa chupani miaka 15, 20, au hata zaidi.

Hawanywi kwa kiu wala kwa kulewa. Wanainua glasi kwenye mwanga kutazama rangi, wananusa, wanachukua funda dogo, wanaliviringisha mdomoni, kisha wanaandika. Ndipo wanahamia glasi ya pili na kulinganisha na ile ya kwanza.

Wakati mwingine mvinyo wote wa jioni hiyo hutoka shamba moja, ila ni wa miaka tofauti ya mavuno. Wakati mwingine mwaka ni mmoja na mashamba ndiyo yanayotofautiana. Kwa njia ya kwanza wanajua hali ya hewa ya mwaka fulani ilifanya nini. Kwa njia ya pili wanajua ni mkulima gani alifanya kazi yake vizuri kuliko jirani yake.

Msomaji anaweza kuuliza: hayo yanamhusu nini mwenye kibanja cha migomba na mibuni katika Mkoa wa Kagera? Jibu ni kwamba yanamhusu sana, kwa sababu katika meza kama hizo ndipo bei inapotengenezwa. Kahawa ya Kagera nayo ina meza yake ya kuonjwa. Tatizo ni kwamba aliyeilima hayupo kwenye meza hiyo.

Kwanza ieleweke kwa nini mvinyo ule unaweza kuzeeka bila kuharibika. Zabibu nyekundu huchachuliwa pamoja na maganda na mbegu zake, na humo ndimo unamotoka ukakasi. Mvinyo ukiwa mchanga ukakasi huo hukaza ulimi, mithili ya ndizi mbichi. Baada ya kukaa kwenye mapipa ya mwaloni na kisha miaka mingi chupani, ukakasi hulainika, mashapo hutuama chini na harufu mpya hujitokeza. Kilevi, uchachu na kizibo kinachozuia hewa ndivyo vinavyoulinda.

Rubisi ya Wahaya haina ulinzi huo. Imetengenezwa kwa ndizi mbivu zilizokamuliwa, ikatiwa unga wa mtama uliokaangwa, ikachachuka kwa usiku mmoja, na ndani yake chachu bado inafanya kazi. Leo ni tamu, kesho ni kali, na baada ya siku chache ni ya kumwaga. Hakuna aibu katika hilo. Kila kinywaji kina umri wake.

Lakini katika kuonja, Mhaya hana cha kufundishwa na Mfaransa. Rubisi inapoletwa kwenye shughuli, wazee huonja kabla ya kugawa. Watajua kama maji yamezidi, kama ndizi hazikuiva sawasawa, kama chombo hakikuoshwa. Mtengenezaji hodari hujulikana kijiji kizima, na wanywaji watapita milango mitatu ili wafike kwake. Huko nako ni kulinganisha, hata kama hakuna anayeandika.

Jambo la kushangaza ni kwamba ulimi huohuo unaotambua rubisi ya nyumba hii na ya nyumba ile haujawahi kutumiwa kutambua kahawa ya shamba hili na ya shamba lile.

Kagera imeishi na kahawa tangu zamani. Kabla ya wakoloni, buni zilichemshwa na majani yenye harufu, zikakaushwa na kutafunwa. Mgeni alikaribishwa kwa buni, na watu walioshikana udugu wa damu walishiriki buni. Watemi ndio waliosimamia upandaji wa miti hiyo. Hata leo buni za kutafuna zinauzwa Bukoba.

Kahawa ya kunywa, hata hivyo, imekuwa ya wengine. Sehemu kubwa ya kahawa ya mkoa huu ni robusta, na huuzwa ikiwa kavu na maganda yake. Mkulima anachuma, anaanika, anapeleka kwenye chama cha msingi, inapimwa kwenye mizani, basi. Mizani inajua kilo tu. Haijui kama buni zilichumwa zikiwa nyekundu au zilikwanyuliwa kijani kibichi. Haijui kama zilianikwa kwenye mkeka au kwenye vumbi la uani, kuku wakipita juu yake.

Kahawa ya mkulima makini na ya mkulima mzembe zikishamiminwa katika gunia moja, haziwezi kutenganishwa tena. Bei inakuwa moja. Na bei moja kwa wote ina tabia ya kumvunja moyo aliye bora, kwa sababu amefanya kazi ya siku nyingi zaidi kwa malipo yaleyale. Msimu unaofuata naye atakwanyua.

Mbele ya safari, kahawa hiyo inaonjwa. Bodi ya Kahawa Tanzania, yenye makao yake Moshi, ina waonjaji wa kazi hiyo. Mnunuzi wa nje naye ana wake. Utaratibu unafanana kila mahali: buni zinakaangwa kidogo, zinasagwa, gramu 8 na kidogo zinawekwa kikombeni kwa kila mililita 150 za maji yaliyotoka kuchemka. Baada ya dakika nne povu zito la juu linapasuliwa kwa kijiko, mwonjaji ananusa, kisha anavuta kahawa kwa kishindo ili isambae mdomoni, na kuitema. Alama hutolewa kati ya 100. Kahawa inayofikia 80 huingia katika daraja la juu na kutafutiwa mnunuzi wa pekee.

Hata robusta sasa ina vigezo vyake vya daraja la juu, na wataalamu wa Uganda walishiriki kuviandaa. Robusta ni mti wa misitu ya Afrika, na ukanda huu wa Ziwa Victoria ni nyumbani kwake. Haikubaliki kwamba wenyeji wawe wa mwisho kujua ladha yake.

Wapo watakaopinga. Watasema robusta ni kahawa ya kuchanganyia tu, inakwenda kwenye viwanda vya kahawa ya unga inayoyeyuka kama kile cha TANICA hapo Bukoba na vingine vya ng'ambo, na bei yake inafuata soko la London. Mnunuzi hajali ladha, anajali tani.

Hoja hiyo ina ukweli mwingi. Hakuna kuonja kutakakozuia bei ya London kuporomoka. Lakini hata mnunuzi wa kuchanganyia hukata bei akikuta ukungu, udongo au buni nyeusi. Mkulima anakatwa bila kuambiwa kosa ni lipi, na hivyo mwaka unaofuata analirudia.

Isitoshe, sifa ya kuwa "ya kuchanganyia" ni jina tu, na majina katika biashara hii huganda. Mwaka 1855, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris, madalali wa Bordeaux waliyapanga mashamba ya mvinyo mwekundu katika madaraja matano, wakifuata bei zilizokuwa sokoni. Mashamba manne ndiyo yaliyowekwa daraja la kwanza: Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion. Zaidi ya miaka 160 imepita, na badiliko kubwa linalokumbukwa ni moja, pale Mouton ilipopandishwa kuingia daraja hilo mwaka 1973. Aliyepewa jina zuri amelila miaka yote hiyo, na aliyeachwa nyuma amehangaika.

Jina hilo lilikuja kutikiswa na kitu kimoja tu, nacho ni kuonja bila kuona kibandiko. Mei 1976, mfanyabiashara Mwingereza, Steven Spurrier, aliwakusanya waonjaji wa Kifaransa mjini Paris. Aliwawekea mvinyo mwekundu wa Bordeaux, ikiwamo Mouton na Haut-Brion, pamoja na mvinyo wa California ambao wakati ule haukuwa na heshima yoyote Ulaya. Chupa zilifichwa majina. Walipomaliza kutoa alama, mvinyo mwekundu ulioshika nafasi ya kwanza ulikuwa wa Stag's Leap, kutoka California.

Funzo kwa Kagera liko hapo. Aliyedharauliwa hakushinda kwa kulalamika, wala kwa kuomba huruma. Alishinda kwa sababu aliwekwa mezani sawa na wakubwa, jina likiwa limefunikwa. Lakini kabla ya siku hiyo alikuwa anajua alichonacho, kwa kuwa alikuwa amekionja.

Kazi hii inaweza kuanza bila maabara. Chama cha msingi kinaweza kutenga siku moja kabla ya msimu kuchanganya. Kila mwanachama alete kilo moja. Buni zikobolewe, zikaangwe kwenye kikaango kimoja kwa moto uleule, zitwangwe, zitiwe katika vikombe vinavyofanana. Vikombe vipewe namba, si majina, ili mwenyekiti asisifiwe kwa uenyekiti wake. Watu wazunguke na vijiko.

Siku hiyohiyo wataona wenyewe. Buni mbichi huacha ukali wa majani. Zilizoanikwa chini huleta udongo. Zilizorundikwa kabla ya kukauka huleta ukungu na uchachu mbaya. Zilizokaushwa karibu na jiko huleta moshi. Ushauri wa bwana shamba uliosemwa miaka 20 bila kusikilizwa utaingia kwa funda moja.

Hatua ya pili ni daftari. Yule mpenda mvinyo anayelinganisha mwaka na mwaka anaweza kufanya hivyo kwa sababu kila chupa ina mwaka na shamba lake. Gunia la Kagera likiandikwa kitongoji, tarehe ya kuchuma na namna lilivyoanikwa, chama kitakuwa na kitu cha kumwonyesha mnunuzi. Lisipoandikwa, hata kahawa nzuri itabaki yatima.

Hatua ya tatu, na ndiyo ngumu, ni malipo. Kama kahawa iliyochumwa nyekundu na kuanikwa juu ya kichanja itawekwa pembeni lakini ikalipwa sawa na ile ya vumbini, zoezi lote litakuwa mchezo. Tangu mwaka 2018 Serikali imesisitiza kahawa ya wakulima ipite katika ushirika. Basi ushirika huo uoneshe kwamba unaweza kutofautisha, maana mlanguzi hajawahi kutofautisha.

Na hapa lazima ukweli usemwe. Wapo wakulima ambao hawataifikia meza ya kuonja kwa sababu kahawa yao imeshauzwa ikiwa bado maua. Butura haitokani na ujinga. Inatokana na ada ya mtoto mwezi Januari, ugonjwa, na msiba, wakati kahawa ya robusta huanza kuchumwa karibu na Mei. Anayedaiwa buni zake hawezi kusubiri ziive. Kwa hiyo chama kinachotaka ubora bila kuwa na akiba na mikopo midogo kwa wanachama wake kinajenga nyumba kuanzia paa.

Jambo moja mkulima asiige kutoka Bordeaux, nalo ni kuweka kwa miaka. Uzee wa mvinyo mzuri ni mali, lakini uzee wa kahawa ni hasara. Katika unyevu wa kando ya ziwa, gunia lililofichwa uvunguni likingoja bei ipande hunyonya maji, hupauka na kuota ukungu. Kahawa ikikauka hadi unyevu wa asilimia 12 hivi, ihifadhiwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na iuzwe ndani ya msimu.

Wafanyabiashara wadogo nao wasijitoe. Mama anayeuza chai na vitumbua kando ya barabara Rwamishenye akikaanga kahawa ya shamba analolijua, akaitaja kwa jina la kijiji chake, ameanza kazi ambayo Bordeaux iliianza karne nyingi zilizopita. Wanywaji wake watauliza ya wapi leo. Swali hilo likianza kuulizwa Bukoba, litafika mbali.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa miaka mingi mgeni amekuja, ameonja, amepanga bei na kuondoka, na mwenyeji hajapona. Safari hii mwenyeji atangulie kuonja. Mnunuzi akifika na kijiko chake, amkute mkulima ameshajua kikombe kipi ni kizuri na kwa nini, ndipo mazungumzo ya bei yaanze.