Jaketi la Mmarekani, kikombe cha babu

Likizo ya Juni nilinunua jaketi la mtumba sokoni Sumbawanga, elfu kumi na mbili. Wa Ufipa mtanielewa. Kule juu baridi ya Juni haina utani, na belo la majaketi likifunguliwa hakuna anayeuliza yametoka wapi. Langu ni lile fupi la nailoni, limebana kiunoni, ndani rangi ya chungwa. Nusu ya wanaume wa hosteli yetu wanalo. Lilibuniwa miaka ya 1950 kwa ajili ya marubani wa Jeshi la Anga la Marekani, na ile chungwa iliwekwa ili rubani aliyeanguka aligeuze, waokoaji wamwone. Begani palikuwa na beji ya tai. Nimeibandua, sitaki kesi.

Bibi aliponiona alicheka. "Haya mume wangu, la Mmarekani unavaa. La babu yako tulilirudisha."

Babu alikuwa fundi wa ndege kwenye kikosi cha anga cha JWTZ, na wakati wa Vita vya Kagera alikuwa Mwanza. Alipofariki aliacha koti, bereti yenye beji, na mkanda. Agosti 2023 jeshi likatoa siku saba kwa raia wenye sare wazisalimishe. Mjomba akafunga kila kitu kwenye mfuko wa salfeti, akapeleka palipoelekezwa. Vikapokelewa, akarudi nyumbani. Hakuna aliyemuuliza vilikuwa vya nani.

Sipingi agizo lile. Watu wameporwa na majambazi waliovaa kombati, na sheria ni sheria. Ninachopinga ni kwamba bereti ya mtu aliyelinda nchi ilipokelewa sawasawa na kombati ya tapeli. Ingegharimu nini kuandika mstari mmoja kwenye daftari: jina, kikosi, miaka? Halafu vichache vyenye historia vikaenda Makumbusho ya Taifa, au hata kabati la kioo pale mkoani?

Maana vitu hivi vinasema mambo ambayo noti zetu haziyasemi. Jeshi letu lilizaliwa 1964, baada ya maasi ya Januari. Kikosi cha anga kilianza kwa msaada wa Wajerumani Magharibi, ambao mwaka 1965 waliondoka kwa sababu ya ugomvi wa Ujerumani mbili kuhusu Zanzibar. Wakaja Wakanada na ndege za Caribou na Otter. Kisha Wachina, na ndege za kivita, na uwanja wa Ngerengere. Siasa yote ile ya kutofungamana na upande wowote, ambayo kwenye mtihani tunaikariri kwa hoja tano, ilipita mikononi mwa mafundi kama babu. Kila mgeni alikuja na spana zake na lugha yake.

Najua hili kwa sababu ya kikombe. Babu alipelekwa mafunzoni China akarudi na kikombe cha bati, cheupe, kina nyota nyekundu na maandishi ya Kichina, na chini amekwaruza namba yake ya jeshi kwa msumari. Mjomba alikiacha akidhani ni cha dukani.

Sisi wa ualimu tunakwenda kufundisha Historia ya Tanzania na Maadili. Tukiwa kwenye mazoezi, tuwaombe wanafunzi waulize nyumbani: nani alikwenda Kagera, alirudi na nini? Sisemi tukusanye sare, jamani, msije mkanitaja polisi. Picha, barua, sufuria, simulizi. Waliokuwa na miaka ishirini mwaka 1979 sasa wamepita sitini, na wengine tumeshawazika.

Kikombe bado kiko jikoni, bibi anapimia unga wa ulezi. Nimemwomba nikibebe nikienda mazoezini. Amesema nimletee kwanza kingine cha kupimia.