Deni la Mstari Mmoja

Wazee walituachia neno hili: dawa ya deni ni kulipa. Kwa kawaida twalisema tunapozungumza habari za fedha, au za gunia la mihogo lililokopwa wakati wa njaa. Leo twataka kulipima kwa jambo jingine, nalo ni wimbo. Wanafunzi wetu huimba kila siku nyimbo walizozisikia kwa wengine, nao mara kwa mara hutuuliza: Je, ni kosa kuimba wimbo wa mtu? Je, mtu aweza kuwa na deni la wimbo, na deni hilo hulipwa namna gani?

Hatutajibu kwa maneno matupu. Tutasimulia habari za santuri moja ya kigeni, kwa kuwa swali hilo lote limo ndani yake, pamoja na jibu lake.

Santuri hiyo ilitolewa mwezi wa Februari 1975. Mwimbaji wake ni John Lennon wa Liverpool, Uingereza, mmoja wa vijana wanne waliojulikana ulimwenguni kwa jina la The Beatles. Alikuwa amekwisha kutunga nyimbo nyingi sana, wala hakukosa zake mwenyewe za kuimba. Lakini katika santuri hii, iitwayo Rock 'n' Roll, hamna wimbo hata mmoja uliotungwa naye. Zote ni nyimbo za watu wengine, zilizotoka kati ya mwaka 1955 na 1962, siku zile muziki wa roki ulipokuwa mchanga.

Kwa nini mtungaji mkubwa aliacha nyimbo zake akaimba za wenzake? Zipo sababu mbili. Moja ni ya moyoni, na nyingine ni ya mahakamani. Tuanze na ile ya moyoni.

Lennon alizaliwa mwaka 1940, akalelewa na mama yake mkubwa. Lakini mama yake mzazi, Julia, hakuwa mbali, naye alijua kupiga banjo. Ndiye aliyemfundisha mwanawe kupiga nyuzi. Wimbo wa kwanza ambao kijana huyo alijifunza kwake ulikuwa “Ain't That a Shame”, wa Fats Domino, Mwamerika Mweusi wa mji wa New Orleans. Wimbo huo ulitoka mwaka 1955.

Tarehe 6 Julai 1957, Lennon na wenzake walipiga muziki kwenye sikukuu ya parokia ya Mtakatifu Petro, kanisa la Waanglikana huko Woolton, mtaa wa Liverpool. Alikuwa na umri wa miaka 16. Kati ya nyimbo alizoimba siku ile ulikuwamo “Be-Bop-A-Lula”, wa Gene Vincent, uliotoka mwaka uliotangulia. Na siku ile ile alikutana kwa mara ya kwanza na Paul McCartney, aliyekuja kuwa mwenzake katika kutunga nyimbo. Basi, wanafunzi, msidharau sikukuu za parokia.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 15 Julai 1958, Julia aligongwa na motokari akafa. Mwanawe alikuwa hajatimiza miaka 18.

Sasa tazameni ile santuri ya 1975. Wimbo wa kwanza ni “Be-Bop-A-Lula”, ule wa sikukuu ya parokia. Mbele kidogo yupo Fats Domino na wimbo ule uliofundishwa na mama. Picha ya jalada nayo ilipigwa na Jürgen Vollmer mwaka 1961 katika mji wa Hamburg, Ujerumani: kijana amesimama mlangoni, na watu wanapita mbele yake kama vivuli. Huko Hamburg, Lennon na wenzake walikuwa wakipiga nyimbo kama hizi saa nyingi usiku kucha ili wapate riziki. Mtu wa miaka 34 alirudi shuleni kwake. Alirudi kwa mama na kwa walimu wake.

Na walimu hao walikuwa akina nani? Hawakuwahi kusimama mbele yake darasani. Walimfundisha kwa santuri. Tukiwahesabu waimbaji ambao nyimbo zao zimo, twapata 11. Kati yao 9 walikuwa Waamerika Weusi: Fats Domino, Chuck Berry, Little Richard, Sam Cooke, Ben E. King, Larry Williams, Lloyd Price, Bobby Freeman na Lee Dorsey. Wawili tu, Gene Vincent na Buddy Holly, walikuwa Wazungu. Wengine walikuwa wamelelewa na nyimbo za kanisa. Sam Cooke alikuwa mwana wa mhubiri, na kabla ya kuimba mambo ya dunia aliimba nyimbo za Injili katika kundi la The Soul Stirrers. Hata “Stand by Me” wa Ben E. King, uliotoka mwaka 1961, mizizi yake imo katika nyimbo za sala za makanisa ya Weusi.

Watu hao waliishi katika nchi ambayo, katika majimbo yake ya kusini, sheria iliwatenga Weusi na Wazungu shuleni, katika magari na hata mezani. Muziki nao haukupona. Fats Domino alipotoa “Ain't That a Shame” mwaka 1955, kijana Mzungu, Pat Boone, aliurekodi wimbo huo huo mwaka ule ule. Katika orodha kubwa ya Marekani santuri ya Boone ilifika nafasi ya 1, na ile ya mwenye wimbo ilifika nafasi ya 10.

Hapa yafaa tueleze namna haki ya wimbo inavyokwenda, maana wengi hawaijui. Mtu akirekodi wimbo wa mwingine na kuuza santuri, sheria yamtaka amlipe mtungaji, yaani yule aliyeandika maneno na sauti. Malipo hayo hupitia kwa kampuni iliyokabidhiwa haki za wimbo, nayo hukata fungu lake. Yule aliyeuimba kwanza, kama siye aliyeutunga, hapati kitu. Fats Domino aliutunga wimbo wake pamoja na Dave Bartholomew, na kwa hiyo santuri za Boone zilimletea fedha. Yasimuliwa kwamba baadaye Domino aliwaonyesha watu pete yake ya thamani, akawaambia kwa kicheko kwamba wimbo ule wa Boone ndio uliomnunulia.

Lakini si kila mtungaji alicheka. Chuck Berry alipotoa wimbo wake wa kwanza, “Maybellene”, mwaka 1955, aliona majina mengine mawili yameandikwa kando ya lake kama watungaji. Moja lilikuwa la Alan Freed, mtangazaji wa redio, ambaye hakuwa ameutunga. Hivyo fungu la fedha likaenda kwa wasiofanya kazi. Berry alingoja hadi mwaka 1986 ndipo wimbo ukawa wake peke yake. Miaka 31! Mtu aweza kuibiwa wimbo hali akiendelea kuuimba kwa kinywa chake mwenyewe.

Sasa twaingia katika ile sababu ya mahakamani. Mwaka 1969 The Beatles walitoa “Come Together”, wimbo wa Lennon. Ndani yake aliweka mstari mmoja uliofanana mno na mstari wa wimbo wa Chuck Berry, “You Can't Catch Me”, wa mwaka 1956. Mstari mmoja tu! Haki za wimbo wa Berry zilikuwa mkononi mwa kampuni ya Morris Levy, mfanyabiashara wa New York, naye akashtaki. Mwaka 1973 pande mbili zilipatana nje ya mahakama: Lennon angerekodi nyimbo 3 za kampuni ya Levy katika santuri yake itakayofuata, ili kampuni ipate malipo. Ndipo alipoazimia kutengeneza santuri nzima ya nyimbo za zamani.

Kazi ilianza Los Angeles mwezi wa Oktoba 1973, chini ya Phil Spector. Hatutaficha: ilikwenda vibaya. Wapigaji walikuwa wengi kupita kiasi, pombe ilitawala, na siku moja Spector alifyatua bastola ndani ya studio. Mwishowe akazichukua kanda akaenda nazo kwake, na kazi ikasimama. Lennon alikuwa siku zile katika kipindi cha ulevi na fujo. Wala hatumsifu kwa hayo.

Alizipata kanda zake baadaye, akakuta nyingi hazifai. Basi mwezi wa Oktoba 1974 akawaita wapigaji wachache mjini New York, na katika siku chache tu wakamaliza sehemu kubwa ya kazi. Mpigaji mmoja alikuwa Klaus Voormann, rafiki yake tangu siku za Hamburg. Nyimbo 4 tu za Los Angeles ziliingia katika santuri. Mmoja wao ni “You Can't Catch Me”, ule wenye deni. Msikilizaji aweza kutambua tofauti: zile za Los Angeles ni nzito na zaenda polepole, na zile za New York ni nyepesi, sauti i wazi. Katika “Stand by Me” hasa, twasikia mtu anayeimba kwa moyo wote, wala si mdaiwa anayehesabu senti.

Lakini Levy hakutosheka. Lennon alikuwa amempa kanda ya kazi isiyokamilika ili aisikilize. Mwanzoni mwa mwaka 1975 Levy aliifanya santuri, akaiita Roots, akaitangaza kwa televisheni na kuiuza kwa posta, akidai kwamba walipatana kwa mdomo. Kampuni ya Lennon ikaharakisha kutoa santuri ya halali, wakarudi mahakamani. Mwaka 1976 hakimu aliamua kwamba maneno yale ya mdomo hayakuwa mkataba, na fidia kubwa ikawaendea Lennon na kampuni yake. Levy naye alipata hatia katika kesi nyingine mwaka 1988, ya kula njama ya kunyang'anya watu kwa vitisho.

Wasomaji, hebu tupime. Deni la mstari mmoja lilizaa kesi mbili, miaka mingi ya taabu, na mawakili wakanenepa. Lennon alikosa, na ilikuwa haki alipe. Lakini aliyekuja kudai hakuwa Chuck Berry mwenyewe. Alikuwa mfanyabiashara aliyeshika karatasi ya haki. Sheria ililinda karatasi. Je, nani amlindaye mtungaji?

Hapo ndipo twaona kwamba kuna madeni mawili. La kwanza ni la fedha, nalo hulipwa kwa fedha, kwa hesabu iliyo sawa, na mkataba ulioandikwa. La pili ni la shukrani, na hakuna hakimu awezaye kulikadiria. Hilo la pili Lennon alianza kulilipa kabla ya mapatano yoyote. Mwezi wa Februari 1972 alionekana katika televisheni ya Marekani pamoja na Chuck Berry, wakaimba pamoja nyimbo mbili za Berry. Mbele ya watazamaji wote Lennon alieleza kwamba kama roki ingetafutiwa jina lingine, ingeweza kuitwa kwa jina la Chuck Berry. Jambo hilo kesi haikumlazimisha kulisema. Aliyekuwa mashuhuri kuliko wengi alisimama kando ya mwalimu wake, akamwita mwalimu.

Kwa sababu hiyo twaipenda santuri ile ya 1975, ingawa ina kasoro zake. Ilifika nafasi ya 6 Uingereza na Marekani pia. Mwanzo wake ulikuwa sharti la mawakili, lakini Lennon alizidisha. Alidaiwa nyimbo 3, akatoa santuri nzima. Alidaiwa na kampuni moja, akawakumbuka waimbaji 11. Baada ya hapo alinyamaza karibu miaka mitano, akikaa nyumbani na mwanawe mdogo. Aliuawa New York tarehe 8 Desemba 1980. Chuck Berry na Fats Domino waliishi hadi mwaka 2017, na Little Richard hadi mwaka 2020. Wanafunzi hufa mara nyingine kabla ya walimu wao. Hivyo shukrani isicheleweshwe.

Basi tuwajibu wanafunzi wetu. Kuimba wimbo wa mwingine si kosa. Bila hilo hakuna mtu ambaye angejifunza kuimba. Kosa ni kuuchukua wimbo na kuliacha jina la mwenyewe njiani. Mnaponakili wimbo katika daftari, andikeni chini yake jina la aliyeutunga. Mnapouimba mbele ya watu, litajeni jina hilo kwanza. Kama mmepata fedha kwa wimbo huo, mtungaji apewe fungu lake. Na kama ninyi wenyewe mmetunga wimbo, msitie sahihi karatasi msiyoielewa. Mpelekeeni kwanza mtu mwaminifu ajuaye kusoma mikataba.

Na aliyewafundisha wimbo wa kwanza, awe mama, awe mwalimu, awe jirani mwenye gita kuukuu, mwendeeni wiki hii mkamwambie asante. Deni hilo ni jepesi kulilipa angali hai.