Divai ya Uongo Ilivyowaumiza Wakulima wa Languedoc



Huenda hujapanda mzabibu hata mmoja, wala huna nia ya kuupanda. Hata hivyo yafaa uyajue mambo ya wakulima wa Languedoc, jimbo lililo kusini ya Ufaransa kando ya bahari ya Mediterania. Mambo yao yamhusu kila mtu anayelima zao la kuuza. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Nchi ile ina jua jingi na mvua haba wakati wa joto, nao mzabibu huipenda. Reli ilipofika katika karne ya 19, wakulima wengi waliacha ngano wakapanda mizabibu mitupu, na divai yao ikauzwa katika miji ya viwanda. Kisha, katika miaka ya 1860, ukaja msiba. Mdudu mdogo kutoka Marekani, aitwaye filoksera, alifyonza mizizi hata mashamba yakakauka. Mwaka 1868 Profesa Planchon wa Montpellier na wenzake walichimba mizizi wakamwona. Dawa iliyofaa ilikuwa kuunga tawi la mzabibu wa Kifaransa juu ya shina la mzabibu wa Kimarekani, ambao mizizi yake humstahimili mdudu huyo. Hata leo mizabibu mingi ya Ufaransa imeungwa hivyo.

Lakini walipopanda upya, wengi walitafuta wingi tu. Walishuka katika nchi tambarare wakapanda aina ya Aramon, inayozaa mno lakini divai yake ni nyepesi, haina ladha. Tena siku zile za upungufu watu walikuwa wamejifunza kufanya divai ya uongo kwa kutia maji na sukari katika makapi ya zabibu, wala hawakuacha mashamba yalipopona. Divai nyingine ililetwa kwa meli kutoka Algeria. Soko likafurika, na baada ya mwaka 1900 bei ikaanguka vibaya.

Tarehe 11 Machi 1907 watu 87 wa kijiji cha Argeliers, wakiongozwa na Marcelin Albert, walikwenda Narbonne kupeleka malalamiko yao. Tarehe 9 Juni, mamia ya maelfu ya watu walikusanyika Montpellier. Siku chache baadaye askari walifyatua risasi mjini Narbonne, watu wakafa. Tarehe 29 Juni sheria ikatolewa: kila mkulima aandikishe kiasi cha divai aliyovuna, na sukari iangaliwe inakokwenda.

Wako wanaosema sheria hiyo ndiyo iliyowaponya. Mimi nasema iliwaponya nusu tu. Sheria yaweza kumzuia mdanganyifu, lakini haiwezi kugeuza divai hafifu kuwa divai njema. Kazi hiyo ni ya mkulima mwenyewe, naye hawezi kuifanya peke yake.

Watazame watu wa kijiji cha Maraussan. Mwaka 1901, kabla ya ghasia zile, walianzisha chama cha ushirika wakawauzia divai yao wanunuzi wa vyama vya ushirika vya Paris, pasipo mchuuzi katikati. Mwaka 1905 walikuwa na jengo lao la kufanyia divai. Vijiji vingine vingi viliwafuata. Lakini mahali ambapo ushirika ulikusanya divai hafifu, uliuza divai hafifu. Miongo mingi baadaye mizabibu mingi iling'olewa, watu wakilipwa fidia ili waing'oe, na waliobaki wakapanda aina bora kama Syrah na Grenache. Watu wa Fitou walikuwa wametangulia: tangu mwaka 1948 jina la divai yao linalindwa kwa sheria, na asiyefuata kanuni zake hawezi kulitumia.

Utasema, "Mimi ni mtu wa ekari chache, nina karo ya watoto na deni la shamba. Ubora utanilisha lini?" Ni neno la kweli. Lakini jirani atiaye maji katika maziwa hamwibii mnunuzi peke yake. Akuibia wewe, maana maziwa yenu huchanganywa katika tangi moja na bei yenu ni moja. Ukimficha kwa sababu ni jirani, umemsaidia kukupunguzia fedha.

Basi, fanya mambo matatu. Pareto yako, chai yako na maziwa yako yawe safi, hata kama hakuna anayekutazama. Usipande zao moja shamba zima kwa sababu bei yake ni nzuri mwaka huu. Nenda katika mkutano wa chama chako, uulize hesabu, na umseme mdanganyifu mbele ya watu.

Wakulima wa Languedoc waliandamana wakati bei ilikuwa imekwisha kuanguka. Wewe anza sasa, wakati maziwa yako yangali yanapokelewa.