Eti "mwanafunzi wa kusikia"!

Nimekuwa kimya siku nyingi, kazi ziliniandama. Leo nimerudi na hasira kidogo, mnivumilie.

Juzi nilikuwa nyumbani Naitiri. Binamu yangu yuko mwaka wa pili chuoni (chuo sikitaji), anasomea kompyuta kama nilivyosomea mimi, na karo inatoka kwenye magunia ya mahindi ya baba yake. Nikamwambia aniandikie programu ndogo ya kupanga majina kumi kwa alfabeti. Akakaa mbele ya laptopu yangu nusu saa, hajaandika hata mstari mmoja. Kisha akaniambia: "Kaka, mimi ni mwanafunzi wa kusikia. Tulijazishwa fomu. Haya mambo ya kuandika programu si mtindo wangu." Na sasa anataka kubadilisha kozi!

Jamani, fomu!

Fomu maarufu zaidi ya aina hiyo inaitwa VARK. Ilibuniwa na Neil Fleming wa New Zealand, akaitangaza mwaka 1992: kuna wa kuona, wa kusikia, wa kusoma na kuandika, na wa kutenda. Kumuuliza mtu anapenda nini si kosa. Kosa ni kudai kwamba akifundishwa anavyopenda ndipo ataelewa zaidi. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu walipekua tafiti zilizokuwepo, wakakuta karibu hakuna iliyolipima dai hilo inavyostahili. Kati ya zile chache zilizolipima, kadhaa zililipinga.

Tena kupenda kwenyewe kunadanganya. Utafiti wa Harvard uliotolewa mwaka 2019 uliwalinganisha wanafunzi wa fizikia. Waliotatua maswali wenyewe darasani walijifunza zaidi ya waliosikiliza mhadhara mzuri, lakini wao ndio waliohisi wamejifunza kidogo! Ukihangaika unadhani huelewi.

Mimi nilifundishwa lugha ya C ubaoni. Mtihani tuliandika programu kwa kalamu, kwenye karatasi. Ukisahau semikoloni alama imekwenda, na karatasi haikuonyeshi kosa liko wapi. Hapo hakuna fomu ambayo ingenisaidia. Nilihitaji mashine, na mtu wa kunisahihisha. Najua mtasema madarasa yamefurika na kompyuta hazitoshi. Kweli. Lakini simu ya Android inaendesha Python, na wengi darasani wanayo mfukoni.

Kijijini kwetu mtoto anayejifunza kulima kwa ng'ombe haulizwi kama ni wa kuona au wa kusikia. Anashika plau, mfereji unapinda kama nyoka, anakaripiwa, anarudia.

Basi nikamrudisha binamu kwenye laptopu. Si majina kumi tena, mawili tu: lipi litangulie? Halafu matatu. Jioni ya tatu akafika kumi, ila programu ikaanza na Wekesa na kumalizia na Barasa. Nilitaka kumwonyesha kosa. Akanizuia kwa mkono: "Ngoja kwanza, kaka."