UGONJWA WA NDANI, VUMBI LA INJE



Munganga amekupa karatasi. Juu yake kuna neno la Kifaransa: « auto-immune ». Unafika nyumbani, bibi anauliza: « Wamesema nini? » Unajibu: « Wamesema ugonjwa unatoka katika mwili wangu mwenyewe. » Jioni jamaa wanakusanyika. Mmoja anasema ni ulozi. Mwingine anauliza: « Baba, ulikosea nini? » Na wewe unafikiri moyoni: kama ni mwili wangu, basi kazi ya shimoni haimo katika habari hii.

Hapo ndipo wengi wanapotea. Tuanze na maneno yenyewe.

« Auto » hapa si motokari. Ni neno la Wagiriki wa zamani, maana yake « mwenyewe ». Wanganga wana neno lingine, « endogène », maana yake kilichozaliwa ndani. Na « exogène », kilichotoka inje. Mfano ni insulini, dawa ya ugonjwa wa sukari. Ile inayotengenezwa na mwili wako ni ya ndani. Ile ya sindano ni ya inje. Ni hivyo tu. Hakuna lawama katika neno, wala uchawi.

Mwili una askari wake katika damu, wanaopigana na mikrobe. Katika ugonjwa wa « auto-immune », askari hao wanakosea: wanashambulia viungo, ngozi, au mahali insulini inapotengenezwa. Hakuna jirani aliyewatuma. Nawe hukuwatuma.

Lakini sikia vizuri, ndugu: neno hilo linakuambia nani anapiga. Halikuambii nani aliyeamsha vita.

Katika mwaka 1953, munganga Caplan aliangalia picha za mapafu ya wachimba makaa wa Wales, kule Uingereza. Wale waliokuwa na ugonjwa wa viungo kuvimba walionyesha alama za mviringo za namna yake katika mapafu. Katika 1957, Erasmus aliandika juu ya wachimba zahabu wa Afrika ya Kusini ambao ngozi yao ilikuwa inakuwa ngumu. Magonjwa yote mawili ni ya « auto-immune ». Leo inajulikana kwamba vumbi la silika, linalotoka katika jiwe likitobolewa, linaongeza hatari ya magonjwa haya.

Namna gani? Vumbi jembamba, lile usiloliona kwa macho, linashuka mpaka ndani ya mapafu. Askari wa mwili wanalimeza. Jiwe halisagiki, askari anakufa, wengine wanakuja, vita haviishi. Kwa watu fulani, askari wanaanza kupiga hata mwili wenyewe. Si kila anayevuta vumbi atapata ugonjwa huu. Lakini nani anajua kama yeye ni mmoja wao?

Kwa hiyo maoni yetu ni haya: neno « ndani » lisifunge kinywa chako.

Kwanza, mwambie munganga kazi zako zote: miaka mingapi, mahali gani, kama ulitoboa kwa maji ao kwa kavu. Sema hata kama uko pansioni. Asipojua, hawezi kufikiri juu ya vumbi.

Pili, maji kwanza, mashini nyuma. Maski inayoshushwa shingoni haikingi kitu. Na sigara juu ya vumbi inaongeza hatari ya ugonjwa wa viungo.

Tatu, mama, usikung'ute nguo za kazi ndani ya nyumba. Zitie katika maji kwanza, mbali na watoto.

Nne, usiache dawa kwa sababu mufumu amekuahidi kumtafuta mulozi. Mtoto ambaye mwili wake hautengenezi insulini, akikoseshwa sindano anaweza kufa katika siku chache. Familia ikitafuta wa kulaumu, wakati unapita, na mgonjwa ndiye anayelipa.

Karatasi ikisema ugonjwa umetoka ndani, ndugu, pokea dawa bila haya. Kisha uliza munganga swali moja: « Na vumbi nililovuta, je, halina sehemu yake? » Ni haki yako kuuliza.