Mnachangia upasuaji wa ubongo, je, MRI atalipa nani?

Hukosi kuongezwa kwenye kundi la WhatsApp la kuchangia matibabu. Kuna picha ya mtoto, nambari ya paybill, bei ya upasuaji, na shangazi mmoja anayekumbusha watu kila asubuhi. Vijana wa mjini tunajua kutoa, hata kama ni soo mbili. Lakini hesabu za makundi haya, hasa yale ya watoto wenye kichwa maji, zina pengo linalonikera. Upasuaji umeandikwa, MRI haimo. Ikiwemo, ni ile ya kabla tu. Ya baada? Kimya.

Ubongo hutengeneza maji yake wenyewe, karibu nusu lita kwa siku kwa mtu mzima. Yanapita kwenye vyumba vilivyo ndani ya ubongo kisha yanarudi kwenye damu. Njia ikiziba, yanajaa na kuukandamiza ubongo. Kwa miaka mingi tiba ilikuwa shanti, ule mpira mwembamba unaopita chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni. Shanti imeokoa wengi. Shida ni kwamba huziba au kuingia viini, na ikiziba usiku uko mbali na daktari wa ubongo, mambo huharibika haraka.

Jibu moja kubwa lilitoka hapa jirani, Mbale, ng'ambo ya Mlima Elgon. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, daktari Mmarekani Benjamin Warf, akiwa hospitali ya CURE, aliunganisha mambo mawili: kutumia kamera kutoboa tundu dogo kwenye sakafu ya chumba cha tatu cha ubongo ili maji yapate njia mpya, na kuchoma sehemu ya tishu inayotengeneza maji hayo. Mpira haubaki mwilini. Utafiti wa watoto 100 uliofanywa Mbale na kuchapishwa 2017 kwenye New England Journal of Medicine haukupata tofauti kubwa ya ukuaji wa akili, baada ya mwaka mmoja, kati ya waliofanyiwa hivyo na waliowekewa shanti.

Sasa, tundu hilo linatobolewa wapi? Chini kidogo ya sakafu hiyo unapita mshipa mkuu unaolisha shina la ubongo. Ukiguswa, damu inayotoka si ya mchezo. MRI iliyokatwa katikati ya kichwa humwonyesha daktari mshipa umelala wapi, sakafu ni nene kiasi gani, njia imezibia wapi, na kama homa ya uti wa mgongo imeacha makovu yatakayozuia maji kupita. CT scan itakuonyesha vyumba vimefura, lakini mambo madogo kama hayo hayaonekani vizuri, halafu inatumia miale. Wakati mwingine MRI inasema wazi kwamba kamera haitamfaa mtoto huyu, bora shanti. Hapo picha moja imeokoa upasuaji mzima wa bure.

Baada ya upasuaji ndipo watu hujidanganya. Ati hana mpira, basi amepona, hakuna kurudi kliniki. Tundu linaweza kuziba. Mara nyingi huziba miezi ya kwanza, ila kuna wachache ambao huziba miaka baadaye, tena ghafla. Kwenye MRI, maji yanayopita tunduni huonekana kama mstari mweusi, na ukikosekana daktari ana sababu ya kuchunguza zaidi. Ukubwa wa vyumba pekee hautoshi, kwa sababu vinaweza kubaki vikubwa hata kama mambo ni sawa. Lazima ulinganishe na picha ya zamani. (Ile CD uliyopewa hospitalini usiigeuze kuwa kitu cha kufukuza ndege shambani.)

Nitaambiwa MRI ni anasa. Kwa mtoto ambaye utosi haujafunga, nakubali kiasi: ultrasound kupitia utosini na futi ya fundi cherehani ya kupima kichwa vinaweza kufuatilia mengi kwa bei nafuu. Utosi ukishafunga, mlango huo umefungwa. Gharama nyingine ni dawa ya kumlaza mtoto ili asitikisike ndani ya mashine. Ulizeni kama wana MRI ya haraka, inayochukua dakika chache na mara nyingi haihitaji dawa hiyo.

Na hili si la watoto pekee. Waliofanyiwa upasuaji huu Mbale miaka ile sasa wamevuka 20. Ni rika letu, wako kampasi na kwenye steji za boda. Mmoja wao akiumwa na kichwa, atapike na kuanza kuona mawili mawili, usimwambie ni hangover au stress za mtihani. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na mseme mapema kwamba alishatobolewa ubongoni.

Hospitali zingetaja bei moja: picha ya kabla, upasuaji, na picha za kufuatilia. SHA nayo ilipe hivyo hivyo, kwa pamoja, badala ya mzazi kuanza kuomba upya kila foleni. Kabla hayo hayajafika, ukiongezwa kwenye kundi kesho, tuma soo mbili zako kisha umuulize mweka hazina kama hesabu ina MRI ya baada. Kama haimo, iongezwe kabla paybill haijafungwa.