Mwili wa Dereva ni Amana

Kutafuta riziki ya halali ni ibada, na dini yetu imemtukuza mtu anayekula kwa jasho lake. Lakini ibada hiyo nayo ina mipaka. Katika Sura Al-Baqara, aya ya 195, Mwenyezi Mungu ametukataza kujitia kwa mikono yetu katika maangamizo. Kwa ajili hiyo tumeona vema mwezi huu tuzungumze juu ya ndugu zetu madereva wa malori na mabasi ya masafa marefu, ambao tunasimama nao safu moja Ijumaa hii, kisha tunawakosa Ijumaa kadhaa.

Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilometa 900, na njiani kuna mlima wa Kitonga. Dereva hukaa kitini kutwa. Usiku wa manane hula chipsi na nyama yenye chumvi tele, akateremshia soda, akavuta sigara, kisha akaondoka. Usingizi ukimlemea, wapo wanaotafuna mirungi, ingawa sheria ya Tanzania imeipiga marufuku. Mirungi haiondoi uchovu, bali huuficha. Moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda, na nguvu yake inapokwisha, usingizi uliozuiliwa humjia mtu ghafla, mikono ingali kwenye usukani. Hapo haangamii peke yake.

Hata asiyepata ajali hajasalimika. Mwaka 1953, Jerry Morris na wenzake walitangaza katika jarida la Lancet uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London. Makondakta, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi kutwa, walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa tu katika mabasi yale yale. Na mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kuwa afanyaye kazi saa 55 au zaidi kwa wiki yumo katika hatari ya kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35 ile ya mwenye kufanya kazi saa 35 hadi 40.

Wapo watakaosema kwamba ajali na maradhi ni kudra. Naam, kila jambo liko mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Lakini Mtume Mtukufu s.a.w. alimwagiza mtu yule amfunge kwanza ngamia wake, ndipo amtegemee Mungu. Na Salman r.a. alipomkumbusha Abu Dardaa r.a. kwamba nafsi yake ina haki juu yake, na ahali zake wana haki pia, Mtume s.a.w. alithibitisha kuwa Salman amesema kweli.

Basi, ndugu dereva, sala ikiingia, simamisha gari mahali pa usalama. Shariah imekuruhusu msafiri kupunguza na kukusanya sala, wala haikukuruhusu kuiacha. Udhu utakuchangamsha, na rukuu na sijda zitanyoosha viungo vilivyokufa ganzi. Tembea kidogo kabla ya kurudi kitini. Usingizi ukija, lala, maana tiba yake ni kulala. Beba maji na matunda, punguza chumvi, acha sigara na mirungi. Pima shinikizo la damu urudipo nyumbani, kwani maradhi hayo aghalabu hayatoi ishara mpaka yamekwisha kudhuru.

Kwenu wenye magari tuna neno zito zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na kwa kawaida mapumziko ya saa 12 mfululizo baina ya siku na siku ya kazi. Anayempangia dereva muda usiowezekana, kisha akamkata posho kwa kuchelewa, ndiye aliyemtia mirungi mdomoni. Jasho la mtu hulipwa ujira. Uhai wake utaulipa kwa nini?

Nanyi maimamu na wazee wa jamaa, waulizeni hali madereva wenu wanaporejea, wala msingoje kuwasalia jeneza.

Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wetu wote, na atuwezeshe kuichunga amana ya miili aliyotupa. Amin.